Jumatatu za Kibreab

Kibreab alikuja Jumatatu ile baiskeli ikiwa begani, nami nilijua kabla hajafika mlangoni kwamba mambo hayakuwa mazuri. Mwendesha baiskeli habebi baiskeli yake. Hata tairi zote zikipasuka anaisukuma, mkono mmoja tu kwenye kiti, mwendo wa madaha, ili watu wa mtaa wetu wa Gejeret wasiseme ameanguka. Kibreab alikuwa ameibeba mchana kweupe, na nyuma yake ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka bondeni na kuingia mjini, kama unavyofanya alasiri nyingi za majira yale.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, tangu shangazi Nigsti alipoingia karakanani na kapu lake la vyombo vya kahawa na habari ya Tsegay. Huyo Tsegay ana kinu cha kusaga nafaka huko Dekemhare, alifiwa na mkewe mwaka juzi, hanywi, hapigi kelele, na Jumapili washenga wake wangekuja kwetu kuniposa.

"Nataka jibu leo, kabla ya giza," baba alikuwa ameniambia. "Ndiyo au hapana. Kwaresima inaingia, hakuna kuposa tena mpaka Pasaka. Na siwezi kuwaacha wazee wa watu wapande basi waje kuaibika."

"Mtu mzuri," shangazi akadakia. "Umri nao haumsubiri mtu, Tirhas. Umekaa vya kutosha. Subira yavuta heri."

"Mimi imenivutia kutu, shangazi."

Hakucheka. Baba naye hakucheka, akarudi kwenye stuli yake ya mlangoni. Jina lililoandikwa juu ya mlango ni lake, Woldu, lakini mikono yake ilianza kutetemeka zamani, na spoki hazipendi mkono unaotetemeka. Kazi ni yangu. Nimelelewa katikati ya cheni na grisi, mama alifariki nikiwa bado mtoto wa kuandikia chaki, na nilikuwa na neno moja tu moyoni siku ile, neno ambalo sikumwambia mtu. Kibreab angekuja, kwa kuwa huja kila Jumatatu baada ya shindano. Angesema jambo leo, au ningemwambia baba ndiyo.

"Fundi," Kibreab alisema, akiishusha baiskeli taratibu. Hajawahi kuniita jina langu mbele ya baba.

"Bingwa," nikamjibu. Hajawahi kushinda shindano hata moja. Kazi yake miaka yote ni kuwachukulia wenzake maji na kuwakinga upepo, ili wakifika mwisho washinde wao.

"Shikamoo, Mzee. Shangazi, shikamoo."

"Marahaba," baba alisema bila kumtazama.

Nikaliangalia gurudumu la mbele. Lilikuwa limepinda vibaya, spoki tatu zimekatika, na kwenye fremu kulikuwa na mkwaruzo mrefu. Kisha nikamwangalia mwenyewe. Bega lake moja lilikuwa limefungwa bandeji chini ya shati, shavu limechubuka, na macho yalikuwa ya mtu aliyelala vibaya tangu mwaka jana. Nilitamani kuligusa lile shavu. Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikaufanya huo kuwa udhuru.

"Umeanguka wapi?"

"Ile kona ya sokoni. Mzunguko wa mwisho."

"Nani kakuangusha?"

"Hakuna." Alikaa kwenye benchi, akainyoosha miguu. "Niliiona kona inakuja, Fundi, nikaona uvivu kuikata."

"Uvivu."

"Nilichoka. Nikasema, acha kona ipite, mimi niende moja kwa moja."

"Na moja kwa moja kulikuwa na nini?"

"Mama muuza vitunguu."

Kwa kawaida ningecheka. Nililifungua gurudumu, nikalipachika kwenye stendi, nikalizungusha nione linakoyumbia. Kazi ya kunyoosha ringi haina haraka. Unakaza spoki ya kulia nusu mzunguko, unalegeza ya kushoto, unazungusha, unaangalia, unarudia. Baba alinifundisha kuifanya kwa nusu saa. Jumatatu, kwa gurudumu la Kibreab, nilikuwa naifanya alasiri nzima.

Shangazi alikuwa ameshawasha jiko la mkaa. Alikaanga buni mpaka ikawa nyeusi, akakipitisha kile kikaangio chenye moshi mbele ya kila mmoja wetu tunuse. Alipofika kwa Kibreab akasimama kidogo.

"Nusa vizuri, mwanangu. Hii ni kahawa ya kawaida. Jumapili tuna ya sherehe."

"Sherehe gani, shangazi?"

"Tuna wageni wa heri. Washenga, kutoka Dekemhare. Wamemtaka huyu fundi wako."

Nilishika spana, nikaacha kuzungusha. Nilikuwa nimempa mgongo, lakini kwenye ringi iliyong'aa niliona kivuli chake kimeinama. Baba alikohoa mlangoni. Nikangoja. Ningengoja mpaka mkaa uzime, kama angehitaji muda wa kutafuta neno.

"Dekemhare kuna upepo sana," Kibreab alisema.

Basi. Hilo ndilo alilopata kusema. Nilikaza spoki mpaka ikalia.

Shangazi alimimina kikombe cha kwanza, kikali, chenye tangawizi. Tukanywa, tukitafuna bisi. Akaongeza maji kwenye birika la udongo, likachemka, akamimina cha pili. Kibreab alikinywa akiangalia mikono yangu ikifanya kazi. Kila Jumatatu hunitazama hivyo, na kila Jumatatu mimi hujifanya sioni, kisha usiku nalala na yale macho. Niliambiwa na wengi kwamba mwanamume anayekutazama hivyo na asiseme kitu anajipumzisha tu kwako. Nimekuwa nikikataa kuamini.

Nilirudisha gurudumu mahali pake, nikarekebisha breki. Spoki ya tatu sikuwa nayo ya saizi ile, nikafunga iliyo fupi kidogo, ikawa inagonga. Kibreab akaweka kikombe chini. Nilijua kitakachofuata, na kila aliyekuwemo alijua.

Karakana ya baba ina sheria moja. Baiskeli ikishatengenezwa, mwenyewe anaipanda mpaka duka la mikate pale konani, anarudi, anasema kama breki zinashika. Wengine wote hurudi. Kibreab hunywa kikombe cha pili, husimama kabla cha tatu hakijamiminwa, husema "ngoja niijaribu," huenda mpaka duka la mikate, huinua mkono, na harudi mpaka Jumatatu nyingine. Hajawahi kuketi mpaka hicho cha tatu, kikombe cha baraka. Hata wakusanya chupa wanaopita na mikokoteni wamekinywa kwetu. Yeye hajawahi.

"Ngoja niijaribu," alisema, akisimama.

"Kaa."

Alidhani hakusikia vizuri. "Naijaribu tu, Fundi."

"Kibreab, kaa chini."

Shangazi aliacha kumimina maji. Baba aligeuza stuli.

"Ukiipita kona ya duka la mikate leo," nikamwambia, "Jumatatu ijayo usiniletee baiskeli. Mafundi wamejaa mji huu. Mimi Jumapili naposwa."

"Nimesikia."

"Umesikia ukasema Dekemhare kuna upepo."

"Ulitaka niseme nini, Tirhas?"

Lilikuwa jina langu, mbele ya baba. Lakini hasira ilikuwa imeshatangulia.

"Sijui. Sema hongera. Sema usiende. Sema chochote ambacho si habari ya hewa. Mimi nanyoosha ringi ya nusu saa alasiri nzima ili ukae. Baba anajua, shangazi anajua, mtaa mzima unajua. Unakunywa viwili, unaondoka kama mtu anayekimbia deni. Hata baraka ya nyumba yetu huitaki. Kila Jumatatu unaniacha na kikombe chako mkononi, nakimwaga pale nje. Nimechoka kumwaga kahawa, Kibreab."

Akacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kucheka.

"Siitaki? Mimi nimekatazwa."

"Na nani?"

Macho yake yalikwenda mlangoni.

"Mnaniangalia mimi?" baba akauliza.

"Siku ya kwanza niliyokuja hapa, Mzee," Kibreab alisema. Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama anayezungumza kanisani. "Tirhas alikuwa ametoka kwenda kununua spoki. Uliniona nikimwangalia anavyoondoka. Ukaniambia, kijana, kahawa utakunywa, lakini kikombe cha baraka katika nyumba hii ni cha mtu anayerudi nyumbani, na wewe ni mtu wa barabara. Ukasema, siku utakayoshuka kwenye baiskeli, siku hiyo kaa unywe. Sijasahau hata neno moja."

Baba alikuna kidevu kwa ule mkono unaotetemeka. Alifikiri. Mkaa ulialika jikoni.

"Sikumbuki," akasema.

"Mzee."

"Labda nilisema. Sikatai. Nilikuwa nawaambia wote. Mlikuwa mnakuja hapa kundi zima, miguu imenyolewa kama desturi ya waendesha baiskeli, macho yote kwa binti yangu. Nilipaswa kusema kitu." Akamtazama Kibreab kwa mshangao wa kweli. "Wenzako walicheka, wakanywa. Wewe peke yako uliinuka. Nikadhani una haraka."

"Woldu," shangazi alisema polepole, "mdomo wako utatuzika sote."

Nilikaa juu ya kreti la vyuma. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo. Miaka yote ile. Jumatatu zote zile, mtu mmoja anatii neno na mwenye neno ameshalisahau.

Kibreab alipiga hatua moja kuja kwangu.

"Lakini leo nimeshuka," alisema. "Kwa nini unadhani nimeibeba begani? Timu wamesema msimu ujao hawana nafasi yangu. Nilikuwa nimekuja kuiacha. Itundike pale ukutani, Tirhas, iuze, fanya utakavyo. Nilitaka ukimaliza kazi niombe ruhusa ya Mzee, nikae, ninywe cha tatu. Kisha shangazi akataja Dekemhare, na mimi nikawaza, huyo ana kinu. Mimi nina nini? Bega bovu. Nikaona niondoke kama siku zote."

Ningefurahi. Shangazi alikuwa ameshaanza kutabasamu, anatafuta kikombe kizuri. Lakini nilikuwa bado na swali.

"Kwa hiyo ungeshinda jana," nikauliza, "leo ungekunywa viwili?"

Alilishika bega lenye bandeji.

"Nijibu."

"Ndiyo," alisema. "Nisingekudanganya. Ningekunywa viwili."

"Basi mimi ni wa kungojewa mpaka ushindwe. Mpaka uanguke juu ya vitunguu."

"Nilimwamini baba yako. Nilidhani nikinywa kabla sijashuka, nitakuwa nimekuahidi kitu nisichoweza."

"Usimlaumu," baba aliingilia. Aliongea akitazama nje kwenye ukungu. "Kama nilisema, nilikuwa na sababu. Mama yako, Tirhas, alikaa kwenye dirisha lile kila Jumapili ya ndoa yetu, mimi nikiwa mashindanoni, hajui kama nitarudi na taji au nitaletwa kwenye machela. Ujana wake uliishia pale dirishani. Sikutaka na wewe uje ungoje mwendesha baiskeli."

"Na mimi nimekuwa nikifanya nini, baba?"

Aliiangalia mikono yake, akaushika mmoja kwa mwingine ili itulie, na haikutulia. Nilimwonea huruma, lakini sikuyarudisha maneno yangu.

Niliinuka. Nikaichukua baiskeli pale ilipoegemezwa, nikaisukuma mpaka kizingitini, nikamkabidhi.

"Ijaribu."

"Nimekwambia nimeshuka."

"Na mimi nimekwambia ijaribu. Sheria ya karakana unaijua. Mpaka duka la mikate, kisha unarudi unaniambia kama breki zinashika. Hujawahi kurudi hata siku moja, Kibreab. Mimi sihitaji mtu aliyeshuka. Ningetaka mtu wa kukaa, Dekemhare yupo, amekaa vizuri kabisa. Panda mpaka ukongoroke. Lakini urudi."

Alipanda kwa shida, bega likamfanya akunje uso, akaondoka akishika usukani kwa mkono mmoja. Ile spoki fupi ilikuwa ikigonga, tik, tik, tik, mpaka ukungu ukaimeza pamoja na yeye.

"Nimwage au nichemshe?" shangazi aliuliza.

"Chemsha," nikasema.

Duka la mikate si mbali. Ukituma mtoto anakuwa amerudi kabla hujamaliza kufunga nati. Nilipanga spana. Nikazipangua, nikazipanga tena. Birika lilichemka, shangazi akalishusha, akalirudisha motoni.

"Huyu anajaribu breki au anateremka mpaka bandari ya Massawa?" akanung'unika. "Kahawa itakuwa maji ya kuoshea."

Baba alijiinua kutoka kwenye stuli, akaenda mwenyewe kwenye gunia, akachota mkaa kwa ile mikono yake, nusu ukamwagika sakafuni, nusu ukafika jikoni. Akapuliza.

"Nataka jibu lako, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Giza linaingia."

"Kahawa haijaisha, baba."

"Haijaisha," alikubali.

Nilikwenda mlangoni. Taa za konani zilikuwa zimewashwa, lakini kwenye ukungu huoni taa, unaona weupe tu. Nilijiambia, ameinua mkono pale konani kama kawaida, na leo hata mkono wenyewe sikuuona. Nilijiambia, mwenye kinu ni mtu mwema. Nilianza kulitengeneza lile neno la ndiyo kinywani, nione lina ladha gani. Lilikuwa halina ladha yoyote.

Kisha nikaisikia. Tik, tik, tik.

Ilikuwa inakuja polepole, na haikuwa peke yake. Kibreab alitokea kwenye ukungu akiisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, vile inavyotakiwa. Pembeni yake alikuwapo Tewelde, aliyekuwa naye kwenye timu zamani na sasa anaoka mikate pale konani, unga umemjaa mpaka viwikoni. Nyuma yao alikuja Habtu, mwalimu wa hesabu, naye wa timu ileile, bado ana kaptula ya mazoezi, anatetemeka kwa baridi.

Walisimama nje ya kizingiti. Tewelde alijifuta mikono kwenye aproni, akakohoa.

"Mzee Woldu," alisema, "tumekuja kwa jambo la heri. Baba yake huyu hayupo duniani, na wajomba zake wako mbali. Tumekuja sisi. Tunaomba tupokewe."

Baba aliwatazama kutoka juu mpaka chini. Aliikazia macho miguu ya Habtu, mitupu, haina unywele hata mmoja.

"Nimeishi mji huu maisha yangu yote," alisema, "sijapata kuona washenga waliojinyoa miguu."

"Mimi niliacha kunyoa nilipooa, Mzee," Tewelde alijitetea. "Huyu ndiye bado."

"Mlipaswa kuja Jumapili. Mlipaswa kutuma salamu kwanza. Mlipaswa kuvaa suruali."

"Jumapili Mzee ana wageni wengine," Habtu alisema. "Kwa hesabu yetu, ilibidi iwe leo."

Baba alinigeukia. Hakuuliza kwa mdomo. Nilimtazama Kibreab, amesimama kwenye baridi na shavu lake lililochubuka, anapumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima mzima, wakati amekwenda mpaka duka la mikate na kurudi. Nilimpenda kiasi cha kutaka kumpiga.

"Wale wa Dekemhare wapigie simu kesho, baba," nikasema. "Uwaambie kwa heshima. Wasipande basi."

"Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Hilo kosa ni langu." Kisha akawaambia wale waliokuwa nje, "Ingieni basi, baridi inaingia. Nigsti, vikombe."

Shangazi alimimina cha tatu. Kilikuwa chepesi mpaka ungeona maua yaliyochorwa ndani ya kikombe. Kibreab alikaa kwenye benchi pembeni yangu, bega lake zima likigusa langu, akakipokea kwa mikono miwili. Hakunywa mara moja. Alikiangalia.

"Breki?" nikamuuliza.

"Ya mbele inashika," alisema. "Ya nyuma imelegea kidogo."

"Iache hapa. Nitaitazama kesho," nikamwambia, nikaegemeza kichwa begani kwake, baba anaona. "Leo nimechoka."